Mkia Umefika, Twende

Jumapili, 2 Machi

Mdogo wangu ni mwongo. Naliandika hili mstari wa kwanza ili hata nikifa leo kwa maumivu ya mapaja, watakaofungua daftari wajue wamshike nani.

Wiki iliyopita alikuja, akakaa jikoni kwangu, akanywa chai yangu vikombe viwili, akasema, "Dada, njoo kwenye kundi letu la baiskeli. Tunapanda milimani kila Jumapili. Watu wazuri, wacheshi, na sheria yetu ni moja tu: hatuachi mtu." Mama akadakia kutoka sebuleni, "Nenda mwanangu, ukapunguze hicho kiuno." Mama ukimwita mezani hasikii, lakini jambo lisilomhusu analisikia kupitia ukutani. Na kwa kuwa daktari naye alishaniambia presha yangu si ya mchezo, nikanunua baiskeli ya mtumba, ya milimani kweli, yenye matairi ya meno, nikaenda.

Hawaachi mtu, ni kweli. Wanamkimbia tu.

Kiongozi wao wanamwita Kapteni. Ni mtu wa bima, mwembamba, ana saa inayomwambia moyo wake unapigaje. Yuko Daktari wa Meno, ambaye anaongea na kila mtu kana kwamba ameshamwambia afungue mdomo. Yuko Bucha, muuza nyama, mnene kuliko mimi lakini anapanda mlima kama lifti. Wengine nawajua kwa migongo tu, maana ndiyo niliyoonyeshwa tangu asubuhi. Na mdogo wangu yuko mbele kabisa, bega kwa bega na Kapteni, wala hageuki.

Mpango wao ni kwamba kila njia panda wanasimama kunisubiri. Nafika, ulimi nje, sijashusha hata mguu, Kapteni anapiga makofi: "Haya, tumetimia! Twende!" Wanaondoka. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Ikawa hivyo kila njia panda.

Jumanne, 4 Machi

Ngazi za ofisini nimezishuka kinyumenyume. Wanafunzi wangu wa udereva wamecheka, na mmoja wao ana mtihani kesho, kwa hiyo tutaona.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimewaelewa. Wanafika njia panda, wanashuka, wanakunywa maji, wanapigana picha, Bucha anatoa vichekesho vyake. Mimi bado niko chini huko nasukumana na mlima. Nikitokeza kwenye kona, wao wameshapumzika mpaka wamechoka kupumzika, na kufika kwangu ndiyo kengele yao. Kwa hiyo mwenye nguvu anapumzika, na aliyechoka hapumziki hata kidogo. Kadiri ninavyochoka ndivyo ninavyochelewa, kadiri ninavyochelewa ndivyo wanavyopumzika, na wakishapumzika wanakimbia zaidi. Watu wazima, wamesoma, na hakuna hata mmoja aliyeliona hilo!

Kibaya zaidi, wanadhani wananitendea hisani. "Leo tumekusubiri sana, dada," ananiambia Daktari wa Meno, kwa sauti ya mtu anayengoja ashukuriwe. Na mimi nikamshukuru. Mpaka sasa nimeukasirikia mdomo wangu.

Tena nimeshapewa jina. Mkia. Kapteni hasemi tena tumetimia. Anasema, "Mkia umefika, twende!" Wakacheka wote. Nikamwangalia mdogo wangu nione atasema nini. Alikuwa anacheka naye.

Alhamisi, 13 Machi

Kazi yangu mimi ni kufundisha udereva. Yaani kutwa nzima nakaa kiti cha abiria, breki ya akiba miguuni, usukani ameshika mwingine. Wakishajua wanapata leseni, wananipungia mkono, wanakwenda zao. Mimi narudi uwanjani kwenye koni zilezile. Miaka kumi na tisa sasa. Nafikiri ndiyo sababu baiskeli hii sijaitupa, pamoja na upuuzi wao wote. Nikiwa juu ya tandiko hakuna mwingine anayeendesha.

Leo yule mkutubi ninayemfundisha amezima gari mlimani, akawasha, akazima tena, na nyuma wanatupigia honi. Nikamwambia, "Waache wapige mpaka betri ziishe. Barabara si ya mama yao." Akaondoa gari vizuri kabisa.

Jumapili, 16 Machi

Mvua tangu alfajiri, kundi limeahirisha. Nimelala mpaka saa tatu na sijamkasirikia mtu yeyote.

Jumapili, 23 Machi

Matope. Matope kwenye meno, matope masikioni, matope mahali ambapo sitapaandika.

Daktari wa Meno alirudi nyuma kidogo kunipa mawaidha. "Pumua kwa pua, dada. Kwa pua." Nikamwambia pua yangu ina kazi yake na mdomo wangu una kazi yake, na ningependa kumwonyesha kazi ya mdomo. Akaenda zake. Bucha naye akanipigia kelele kutoka juu, "Pole pole ndio mwendo!" Methali hiyo naichukia kama homa. Kila mwenye mbio anayo moja ya kumtupia asiye na mbio, halafu anajiona amesaidia.

Lakini hayo si kitu. Karibu na njia panda ya tatu walikuwa wamekutana na watu wa kundi jingine, wamesimama wanapiga soga. Mimi niko chini ya kona, nasukuma, hawanioni, ila upepo unaniletea maneno. Mgeni mmoja akauliza, "Yule mama wa nyuma ni wenu?" Mdogo wangu akajibu, "Ni mgeni mgeni hivi, anajaribu tu."

Mgeni! Mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Nilipofika juu nilimtazama usoni na yeye akainamia mnyororo wake kana kwamba umemwita. Nalala na hilo neno kifuani kama nimemeza kokwa.

Jumatano, 26 Machi

Amepiga simu kumsalimia Mama. Mimi nilikuwa naoga, nikaendelea kuoga mpaka alipokata.

Jumapili, 30 Machi

Leo nimepanda Kikohozi. Ndivyo wanavyouita mlima ule baada ya daraja la mbao, kwa sababu hakuna anayefika juu bila kukohoa. Kila Jumapili nashuka katikati na kusukuma. Leo sikushuka. Gia ndogo kabisa, pua karibu inagusa usukani, nakanyaga, nahesabu mawe, natukana, nakanyaga, mpaka nikaona anga badala ya udongo. Juu! Sikuweka mguu chini hata mara moja!

Na hapakuwa na mtu. Nimekuta maganda ya ndizi tu. Walipoiona kofia yangu kwenye kona ya chini, wakahesabu nimeshafika, wakaondoka. Nikasimama pale peke yangu na ushindi wangu, sina wa kumwonyesha, nikacheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikashikwa na hasira tena, na hasira ndiyo iliyonifikisha nyumbani.

Jumatano, 2 Aprili

Kapteni ametuma ujumbe kwa kundi zima. Jumapili ya kwanza ya Mei tunafunga msimu kwa safari ya kwenda mnarani, ule mnara wa redio ulio juu ya kilima kirefu kuliko vyote, ambao taa yake nyekundu naiona nikiwa kitandani. Halafu akaandika: "Ili kila mtu afurahie, wale wenye mwendo wa taratibu watapanda pikapu ya Bucha pamoja na maji na vyakula, na watatupokea juu kwa makofi."

Wale. Wale ni akina nani? Wale ni mimi. Akufukuzaye hakwambii toka. Mimi hata natengewa nafasi ya kukaa.

Nimeusoma ujumbe ule mara nyingi mpaka simu ikanichosha mkono. Kiti cha abiria! Juma zima nakaa kiti cha abiria kwa sababu ndiyo kazi, halafu Jumapili nikakae tena kiti cha abiria, nimepakata jagi la maji, nikawapigie makofi watu waliopumzika msimu mzima kwa jasho langu? Siendi na pikapu. Nitafika mnarani kwa magurudumu yangu mawili, pamoja nao, au siendi kabisa na kundi lao nalitema. Sijawahi kutaka kitu namna hii tangu niwe mtu mzima.

Jumapili, 6 Aprili

Walikutana nje ya duka la Bucha baada ya safari. Nikasimama, nikasema kwa heshima zote kwamba mimi nitapanda kwa baiskeli.

"Dada, tuwe wakweli," Kapteni akasema. "Kule mnarani si mchezo. Ukikwama tutakwama wote."

"Nimekwama wapi mpaka leo? Nimechelewa. Kukwama sijakwama."

"Basi tusibishane. Sisi ni kundi, tupige kura. Wanaosema pikapu?"

Mikono ikapanda. Wa Kapteni, wa Daktari wa Meno, ya wale wenye migongo. Bucha alijifanya anafuta kisu, hakuinua. Na mkono wa mdogo wangu. Haukupanda haraka, uliponyanyuka ulisita kifuani, ukaangalia pembeni kama una macho, lakini ulipanda.

Nilichukua baiskeli yangu nikaondoka bila kuaga.

Jumatatu, 7 Aprili

Mama anasema labda mdogo wako anakuonea huruma. Nikamwuliza, huruma gani inayoinua mkono mbele za watu? Mama akanyamaza, jambo ambalo sikumbuki kuliona.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Mkutubi amefaulu mtihani. Amenipungia mkono akaenda zake.

Jumapili, 13 Aprili

Nitaandika yote leoleo, kwa mpangilio, kwa sababu najua kesho kila mtu atakuwa na hadithi yake.

Nilikwenda leo kwa nia moja: kumwuliza mdogo wangu mbele ya watu, kama alivyoinua mkono mbele ya watu. Bahati ikaniangukia. Njia panda ya kwanza gurudumu la Kapteni lilitoboka, kwa hiyo nilipofika bado walikuwa wanaziba na hakuna aliyeweza kuondoka. Mvua nyembamba inanyesha. Nikamwendea.

"Mdogo wangu, ule mkono uliuinua kwa nini?"

"Dada, si hapa."

"Hapahapa. Kule dukani ilikuwa chumbani?"

"Usinitie aibu, dada, tafadhali."

"Aibu? Kumbe aibu ni mimi?"

Basi akalipuka. "Unajua tunasimama kwenye baridi muda gani kila wiki kwa ajili yako? Unajua wanayemwuliza ni mimi? Dada yako vipi, dada yako ataweza lini, dada yako haoni? Nimechoka kukujibia!" Akapanda baiskeli yake, akateremka msituni kama anafukuzwa. Gurudumu la Kapteni likawa tayari, nao wakamfuata, mmoja mmoja. Mimi nyuma, kama kawaida.

Kutoka njia panda ile mpaka inayofuata ni msitu mtupu na mteremko mrefu. Katikati kuna njia ya mkato wanayoiita Mtelezo, inashuka wima kati ya miti. Wenye mbio wanaipenda. Njia yenyewe, njia ya watu wenye akili, inazunguka na kupita kando ya korongo chini ya huo Mtelezo. Mimi nilipita njia yenyewe, vidole kwenye breki, naongea peke yangu. Nilisema mengi. Nilisema laiti Mama angezaa mara moja akapumzika. Nilisema akija tena kunywa chai yangu atakuta mlango umefungwa. Nilisema kwa sauti yangu yote, maana nani angenisikia? Wa mbele wako mbali, na nyuma yangu hayupo mtu kamwe.

Nikafika njia panda. Wamejikunyata chini ya mti, wamelowa chapachapa. Kapteni hakungoja hata nisimame. "Mkia umefika, twende!" Miguu yote ikapanda kwenye pedali.

Nilimtafuta mdogo wangu kwa macho, na si kwa wema. Nilitaka kumpa jicho moja tu kabla hawajapotea. Hakuwepo.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Ametangulia," Kapteni akasema. "Si amenuna."

"Nani amemwona akipita hapa?"

Wakatazamana. Daktari wa Meno akasema, "Mimi nilidhani alikuwa na Kapteni." Kapteni akasema, "Mimi nilipofika sikumkuta, nikajua ama ametangulia ama yuko nyuma na nyinyi. Lakini sasa wewe umefika, dada. Na wewe ndiye wa mwisho."

Ndivyo walivyozoea. Wiki zote hizo hawajawahi kumtafuta mtu, wala kuitana. Mimi ndiye niliyekuwa hesabu yao. Nikionekana mimi, basi watu wote wapo, na anayekosekana yuko mbele.

Nikaangalia njia ya mbele. Matope yamelala laini kama uji wa mtoto, hayana alama ya gurudumu hata moja.

"Hajapita mtu hapa," nikasema. "Tunarudi."

"Dada, sikiliza. Yule ni mtu mzima. Huenda ameshika njia nyingine akaenda nyumbani. Watu wamelowa hapa, tutaugua wote. Tushuke barabarani, tutampigia simu."

Nilichofanya nilikifanya kabla ya kukifikiria. Nililaza baiskeli yangu katikati ya njia, kutoka ukingo hadi ukingo, nikasimama mbele yake. Nikamwambia, "Kapteni, msimu mzima umenikimbia nikanyamaza. Leo ukiivuka baiskeli hii, hiyo saa yako itakwambia moyo umesimama. Haondoki mtu hapa! Haondoki hata mmoja mpaka nimwone mdogo wangu!" Sijui sauti ile ilikuwa imehifadhiwa wapi.

Bucha ndiye aliyetupa baiskeli yake wa kwanza. "Pale Mtelezo niliona tawi limekatika bichi," akasema, na uso umembadilika. "Nikapita tu. Mungu wangu, nikapita tu."

Tukarudi kwa miguu, mbio, tukiteleza, tunaita. Hakuna aliyenitangulia isipokuwa Bucha. Baiskeli ya mdogo wangu tuliiona kwanza, imening'inia kwenye vichaka kati ya Mtelezo na njia. Yeye alikuwa chini zaidi, korongoni, amelala ubavu kati ya mizizi, maji ya mvua yanampita miguuni. Macho wazi. Midomo haina rangi. Nilimwita, na vidole vyake vikacheza.

Daktari wa Meno akatukataza kumnyanyua kabla hajamkagua shingo, na hilo alilifanya vizuri, nampa haki yake. Simu hazikushika. Kapteni akashuka mpaka barabarani kuita gari, na kwa mara ya kwanza mbio zake zikamfaa mtu. Mimi niliingia korongoni, nikakaa kwenye maji, nikamwekea kichwa mapajani na koti langu juu yake. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikamwambia, nipo, nipo, nipo.

Jumatatu, 14 Aprili

Mtulinga, mfupa wa begani, umevunjika, mbavu mbili zina ufa. Daktari wa wodi anasema kama angelala pale mpaka jioni na baridi ile, angekuwa anatuambia maneno mengine.

Mama alikuja, akamshika miguu, akamwambia, "Pumbavu wewe," akalia.

Jumanne, 15 Aprili

Leo tulikuwa wawili tu. Namkata kucha za ule mkono uliofungwa. Akasema, bila kunitazama, "Nilikusikia, dada."

"Ulinisikia nini?"

"Ulipopita. Mimi niko chini pale, pumzi imekata, nikivuta hewa kifua kinapasuka. Nikasikia breki zako zinalia. Nikajua ni wewe. Nikasema moyoni, nimepona. Halafu nikakusikia unasema Mama angezaa mara moja akapumzika." Akageuzia uso ukutani. "Nilitaka kukuita. Sauti haikutoka. Ukapita."

Mkasi ulinitulia mkononi. Nikatafuta uongo wowote, sikuupata.

"Nilikuwa na hasira," nikasema. "Wakati ule nilimaanisha."

"Najua. Mimi pia nilimaanisha nilipoinua mkono." Akaninyooshea vidole vilivyobaki. "Walikuwa wanakucheka, dada, nami nikicheka nao ili wasije wakanigeukia mimi. Niliona ukipanda pikapu yataisha. Nilikuonea haya. Dada yangu wa damu, nikakuonea haya."

Aliposema hivyo chozi likashuka likaingia sikioni, na hawezi kulifuta kwa sababu mkono mmoja una bandeji na wa pili una dripu. Nililifuta mimi. Sikumwambia nimemsamehe, maana sijamsamehe, na yeye hakuniambia amenisamehe. Nikamaliza kucha za mkono ule, nikahamia za mkono wa pili.

Jumapili, 20 Aprili

Kapteni amekuja nyumbani na mfuko wa matunda. Kavaa shati la kazini, kakaa ncha ya kochi. Mama akamletea chai na kukaa karibu ili asikose kitu.

"Dada, ile kura tumeifuta. Kwa kauli moja. Na tumekuandalia kitu." Akatoa kizibao cha manjano chenye kung'aa, mgongoni kimeandikwa MLINZI WA NYUMA. "Tumeona umetusaidia sana kwa kuwa nyuma. Tunataka kiwe cheo rasmi. Wewe ndiye utakuwa wa mwisho wetu daima."

Wa mwisho wetu daima! Na alikuwa anatabasamu, masikini, anadhani ananipa zawadi.

"Kapteni," nikamwambia, "mimi sikumwokoa mdogo wangu kwa sababu niko nyuma. Nyinyi ndio mlimwacha kwa sababu mimi niko nyuma. Mlikuwa na macho ya kunitazama mimi tu nikitokeza, na mkishaniona hamtazami kingine. Kizibao sikitaki. Nitakuja mnarani, na nitakuja kama wengine."

Alipoondoka, Mama akakichukua kizibao. Anasema kitamfaa bustanini.

Jumapili, 27 Aprili

Nimepanda Kikohozi mara mbili, peke yangu. Mara ya pili nilikohoa.

Jumapili, 4 Mei

Nimefika. Nianze na hilo nisije nikalisahau katikati ya hasira. Mnarani nimefika kwa magurudumu yangu mawili, nimeshika chuma chake kwa kiganja changu, na kule juu hakuna cha ajabu: waya, kibanda kilichofungwa, upepo wa kuchukua kofia. Kilichotokea chini yake ndicho ninachotaka kuandika.

Mdogo wangu alikuja na pikapu ya Bucha, mkono shingoni kwenye kitambaa, daktari wake amemruhusu kukaa tu. Mke wa Bucha ndiye aliyeendesha. Niliwaona asubuhi, nikamsalimia, akaniitikia. Ndivyo tulivyo siku hizi, tunasalimiana vizuri kama majirani.

Walikuwa na adabu leo, sikatai. Asubuhi nzima hakuna aliyeniita Mkia. Kila njia panda walihesabiana kwa kuitana, kila mtu anajibu, hilo nalo wamejifunza. Daktari wa Meno hakutaja pua. Njia ikapanda, mvua ikaja ikapita, kokoto zikageuka mawe, nami nakanyaga, na kila nikifika wananipokea kwa makofi na maneno mazuri. "Hongera, dada! Dada wa chuma!" Halafu, kabla sijashusha mguu, wanaondoka.

Nilimeza mara ya kwanza. Nikameza ya pili. Njia panda ya mwisho iko chini ya mnara wenyewe, na kutoka pale kuna kipande kimoja kilichobaki, kibaya kuliko Kikohozi. Niliiona pikapu imesimama pembeni, wao wamekaa kwenye majani, wamekula, wamekunywa, wana nyuso za watu waliolala mchana. Mimi miguu imekuwa mbao. Naona nyota mchana kweupe. Kapteni akanyanyuka, akapiga makofi kwa furaha, kwa mapenzi kabisa: "Dada yetu amefika! Haya, tumetimia! Twende!"

Jina wamebadilisha. Mchezo ni uleule.

"Hapana," nikasema.

Nikalaza baiskeli. Nikakaa chini, pwaa, kwenye majani yenye maji.

"Kuna tatizo, dada?" Kapteni akauliza. Ameshapanda juu ya tandiko.

"Tatizo lipo. Nyinyi mmepumzika. Mimi sijapumzika. Tangu Machi mimi sijapumzika hata mara moja, kwa sababu nikifika ndipo mnapoondoka. Mnasema mnanisubiri. Hamnisubiri, mnajipumzikia! Kumsubiri mtu ni afike, akae, anywe maji, apate pumzi, ndipo muondoke pamoja. Hilo hamjawahi kunifanyia. Leo mtanifanyia, au nendeni, na mkienda msiniambie tena kwamba nyinyi hamwachi mtu."

Kapteni akaondoa mguu kwenye pedali. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza hesabu ile kuingia kichwani mwake, maana alitazama majani waliyoyalalia, akanitazama mimi, akatazama majani tena. "Lakini dada," akasema kwa sauti ndogo, "mvua inakuja."

"Ije."

Hakuna aliyetikisika. Walisimama na baiskeli zao katikati ya miguu, hawaendi wala hawakai. Nikajua nimeshindwa, nikajua wataondoka kwa upole, mmoja mmoja, na nitasikia matairi yao.

Mlango wa pikapu ukafunguka. Mdogo wangu akateremka akijishikilia kwa mkono mmoja, akaja polepole, uso umemkunjamana kwa maumivu. Akapita katikati yao wote. Akapiga goti, akaegemea bega langu, akajishusha mpaka akakaa kwenye majani mabichi ubavuni kwangu, na suruali yake safi.

"Huyu ni dada yangu," akawaambia. "Kaeni chini."

Bucha akalaza baiskeli, akakaa. Daktari wa Meno akakaa. Wakakaa wale wenye migongo, na nikaziona nyuso zao. Kapteni akakaa wa mwisho.

Mvua ikaanza. Mdogo wangu akanifungulia chupa ya maji kwa meno, akanipa, nikanywa mpaka nikaimaliza.

"Dada," akaniuliza, "umepumzika?"

Nikamwambia bado. Akanyoosha miguu.